Si 'dunia' iliyonyamaza: Kauli za watazamaji kuhusu mauaji ya Rwanda

Kila Aprili huwa nawaonyesha wanafunzi wangu wa uzamili filamu ya hali halisi iitwayo Ghosts of Rwanda. Iliongozwa na Greg Barker na kuonyeshwa mwaka 2004 katika kipindi cha Frontline cha runinga ya PBS nchini Marekani, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ina urefu wa saa mbili. Kwa kuwa ukumbi huu ni wa lugha, leo sitajishughulisha na kamera wala muziki wake. Nataka tuyachunguze maneno ambayo watazamaji huyatamka baada ya taa kuwashwa.

Nianze na kicheko, maana kuna mahali ambapo darasa hucheka kila mwaka. Ni Juni 10, 1994. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Christine Shelley, yuko mbele ya wanahabari. Anakubali kwamba "vitendo vya mauaji ya kimbari" vimetendeka Rwanda, lakini hathubutu kusema kwamba kinachotendeka ni mauaji ya kimbari. Mwanahabari wa Reuters, Alan Elsner, anamuuliza: ni vitendo vingapi vinavyohitajika ndipo yawe mauaji ya kimbari? Msemaji anajibu kwamba hayuko katika nafasi ya kulijibu swali hilo.

Kicheko hicho ni kichungu. Wanafunzi wameing'amua hila. Mkataba wa 1948 unazitaka nchi zilizouridhia kuyazuia mauaji ya kimbari na kuwaadhibu wahusika, na wakubwa wa Washington walichelea kwamba wakilitamka neno watadaiwa tendo. Kwa Kiswahili hila hiyo hujianika upesi zaidi, kwa sababu neno "mauaji" lenyewe ni jina la tendo. Kusema kuna vitendo vya mauaji ila hakuna mauaji ni sawa na kusema kuna vitendo vya wizi ila hakuna aliyeiba.

Basi mjadala huanza. Na hapo, wale wale waliomcheka msemaji hunipa sentensi hizi: "Dunia ilinyamaza." "Mapigano yalizuka." "Ilikuwa vita vya kikabila." "Walinda amani walishindwa." Nimezisikia kwa miaka mingi, kutoka kwa wanafunzi werevu na hata wahadhiri wenzangu. Hoja yangu leo ni kwamba sentensi hizi nne ni binamu za kauli ya yule msemaji.

Tuanze na "dunia". Katika Kiswahili dunia ni mtuhumiwa wa kale. Tunasema dunia imeharibika, dunia rangi rangile, dunia hadaa ulimwengu shujaa. Dunia ya methali hutenda, lakini haishtakiki. Ukiitaja umekwisha kukubali kwamba lililotokea ni majaaliwa, na msikilizaji hutikisa kichwa na kuguna. Kwa hivyo mtazamaji anayesema "dunia ilinyamaza" hudhani anashutumu, kumbe analiwaza.

Hebu tuandike sentensi yenye mtenda. Mnamo Aprili 21, 1994, wiki mbili baada ya mauaji kuanza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 912. Azimio hilo lilikipunguza kikosi cha UNAMIR, kilichokuwa na takribani wanajeshi 2,500, hadi wapatao 270. Lilipita kwa kauli moja. Walioinua mikono hawakuwa Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China peke yao. Nigeria ilikuwamo. Djibouti ilikuwamo. Oman ilikuwamo. Rwanda yenyewe ilikuwa na kiti barazani mwaka huo, kikikaliwa na mwakilishi wa serikali ambayo watu wake walikuwa wakiyaendesha mauaji. Neno "dunia" linazifunika nchi zote 15 kwa blanketi moja. Mtazamaji wa Kiafrika analipenda kwa sababu linamwezesha kulaumu ng'ambo bila kuuliza mikono ya nyumbani ilikuwa wapi.

Sentensi ya pili: "Mapigano yalizuka." Kitenzi "kuzuka" ni kutokea ghafla pasipojulikana chanzo, na ndicho kilichotupa "mzuka". Kinachozuka hakina baba wala mama. Lakini mauaji ya Rwanda yalikuwa na wazazi. Redio ya RTLM ilianza kutangaza katikati ya mwaka 1993, ikawaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Mnamo Januari 11, 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa UNAMIR, alituma ujumbe New York kwamba mdokezi amemweleza kuhusu silaha zilizofichwa na mpango wa kuwaangamiza Watutsi wa Kigali. Aliarifu kwamba alikusudia kuzivamia ghala hizo. Idara ya operesheni za amani, iliyoongozwa wakati huo na Kofi Annan, ilimkataza. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyekuwa akirejea kutoka Dar es Salaam, ilidunguliwa Aprili 6, miezi mitatu baadaye. Jambo lililoandikwa kwenye waraka miezi mitatu kabla halikuzuka. Lilipangwa.

Ya tatu, "vita vya kikabila", hunishangaza kuliko zote, maana wanaoitamka ni wanafunzi wa lugha. Sisi Wakenya tumezoea kwamba kabila huenda na lugha: ukisikia mtu akizungumza na mamake kwenye simu unadhani umejua kwao. Mizani hiyo haipimi Rwanda. Wahutu na Watutsi huzungumza Kinyarwanda kimoja, husali makanisa yale yale, na waliishi vilima vile vile. Ndiyo maana kwenye vizuizi vya barabarani wauaji hawakusikiliza lafudhi. Walidai kitambulisho, hati ambayo utawala wa Wabelgiji uliianzisha katika miaka ya 1930 ikiwa imeandikwa mwenyewe ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Isitoshe, neno "vita" linahitaji pande mbili. Vita vilikuwapo kati ya jeshi la serikali na RPF, lakini mama aliyejificha kanisani na wanawe hakuwa upande wowote wa vita.

Hapa ndipo uteuzi wa istilahi una uzito. Baadhi yetu bado tunasema "mauaji ya halaiki". Halaiki ni umati, hivyo istilahi hiyo inatueleza idadi ya waliokufa. "Mauaji ya kimbari" inatueleza kwa nini waliuawa: kwa sababu ya mbari yao, yaani ukoo na nasaba waliyozaliwa nayo. Idadi peke yake, hata ikiwa watu laki nane au zaidi katika siku 100, haitoshi kueleza kosa. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu Septemba 2, 1998, hukumu ya kwanza ya aina yake duniani, ilibidi ithibitishe nia, wala si kuhesabu maiti.

Sasa "walinda amani". Mlinzi, kwa anayejua Kiswahili cha mtaani, ni mtu unayemkimbilia usiku. Lakini UNAMIR iliundwa Oktoba 1993 chini ya Sura ya Sita ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kusimamia makubaliano ambayo pande mbili zilikuwa zimeyatia saini Arusha. Ililinda karatasi. Raia hawakuambiwa hivyo. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia shule ya ETO huko Kicukiro kwa kuwa wanajeshi wa Ubelgiji walikuwa hapo chini ya bendera ya buluu. Aprili 11 wanajeshi hao waliamriwa kuondoka, na wengi wa waliobaki waliuawa siku hiyo. Ati "walishindwa"? Anayeshindwa amejaribu. Hawa waliondolewa, na aliyetoa amri ana jina na cheo. Wakazi wa Goma, Waswahili wenzetu walioandamana dhidi ya MONUSCO Julai 2022, walikuwa wakiuliza swali lile lile: mlinzi analinda nini?

Filamu yenyewe nayo ina lawama yake. Inawataja maafisa kwa majina, na hilo ni jema. Watazamaji wa hapa humtambua Prudence Bushnell, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini bomu la Agosti 7, 1998 lilipolipuka. Lakini machozi yetu inayaelekeza kwa mashahidi. Mtazamaji hutoka akimlilia Dallaire, au Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal aliyewaokoa mamia kabla ya kuuawa Mei 31. Wanastahili. Ila nikiuliza jina la Mnyarwanda mmoja aliyeuawa, darasa hunyamaza. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa Aprili 7 pamoja na mumewe, hakumbukwi. Waliokufa wamebaki "maiti" na "wahanga", nomino za wingi zisizo na nyuso.

Mwenzangu mmoja hunipinga. Aliyeguswa hivyo, anasema, usimsahihishie sarufi. Huzuni haina ngeli. Namwelewa. Hata hivyo, huzuni hupita baada ya siku mbili, na kinachobaki kichwani ni sentensi. Mtu akibaki na "dunia ilinyamaza", hatakuwa na la kufanya siku nyingine ila kuilaani dunia. Akibaki na "Baraza la Usalama lilipiga kura", atauliza kura inayofuata ni lini na mwakilishi wake ataipigaje.

Na tusiende mbali. Tume ya Jaji Waki iliorodhesha vifo 1,133 vya mwaka 2007 na 2008. Tazama tunavyosimulia: "ghasia zilizuka baada ya uchaguzi, watu wakauawa, wengine wakahamishwa." Vitenzi vitatu, na hakuna hata mtenda mmoja. Zuka, uawa, hamishwa. Tumeitunga sentensi hii kwa ustadi ambao yule msemaji wa Washington angeuonea wivu, tukaitia vitabuni, na watoto wetu wanaikariri.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mwanafunzi akiandika insha kuhusu Rwanda, au kuhusu kwetu, akasema watu "waliuawa", mwandikie pembeni kwa wino mwekundu kiulizi kimoja tu: na nani?