Matroni wa bweni

Saa nne usiku kengele ya kulala ikilia, ndipo zamu yake ya pili inapoanza. Mchana alishafundisha vipindi vyake kama walimu wenzake. Sasa anapita kitanda hadi kitanda na tochi, anahesabu vichwa, ananusa kama kuna aliyewasha mshumaa ndani ya chandarua. Mtoto wa kidato cha kwanza anayelia chini ya shuka, humtambua kwa mtikisiko wa mabega. Hukaa ukingoni mwa kitanda na kumuuliza taratibu, "Mwanangu, leo umekula?" Hapo hutoka yote: mama anaumwa, michango haijalipwa, pedi zimekwisha.

Pedi mara nyingi hununua mwenyewe. Homa ikipanda saa nane usiku, ndiye anayehangaikia bodaboda ya kwenda zahanati. Na tangu Novemba 2021, Tanzania iliporuhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, ndiye anayempokea binti aliyemwacha mtoto kwa bibi, na kuwanyamazisha wanaomsengenya.

Sisi tuliolala bweni tulimwogopa. Tulichelewa mno kujua kwamba tulipolala, yeye hakulala. Asubuhi tulimkuta mstarini, macho mekundu, daftari la wagonjwa kwapani.