Tundu Kwanza, Upana Baadaye

Anayeanza kupiga picha za anga la usiku huambiwa mapema mno anunue lenzi pana ya milimita 14 yenye f/2.8, kwa sababu anga ni kubwa. Ushauri huo unasahau kilicho haba usiku, nacho ni mwanga. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f, utapata kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Kwa lenzi hiyo ni milimita 5. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi, ikiwekwa kwenye 18 na f/3.5, ina tundu la milimita 5.1. Kwa nyota, ambayo kwenye picha ni nukta tu, hizo mbili ni sawa kwa sawa. Lenzi ya 24 yenye f/1.8 ina tundu la milimita 13.3, na eneo la tundu hilo ni karibu mara 7. Ukungu wa Njia ya Maziwa, ambao umetanda na si nukta, hufuata namba ya f yenyewe: hapo ile ya 14 inaishinda lenzi ya kawaida kwa mara 1.6, ilhali ile ya 24 inaishinda karibu mara 4. Ndiyo tofauti ya kupiga kwa ISO 6400 au 1600, na kwenye kamera ya bei nafuu chenga zake huonekana waziwazi.

Pingamizi la kwanza ni kwamba milimita 24 ni nyembamba, mandhari na nyota havitaenea. Tuchukue Amboseli, mahali ambapo Kilimanjaro iko kusini, umbali wa kilomita 45 hadi 50. Kutoka huko Kibo, kilele cha mlima huo, inapanda juu ya upeo wa macho kwa takriban nyuzi 6 tu, basi lenzi ya 14 inauchora mlima mzima kwa milimita 1.4 za kihisio. Mlima mrefu kuliko yote Afrika unakuwa kichuguu. Ile ya 24 inauchora kwa milimita 2.4. Katikati ya Mei, kati ya saa 3 na saa 4 usiku, Msalaba wa Kusini husimama upande huohuo, nyuzi 30 na kitu kutoka ardhini. Ukisimamisha kamera wima, hata yenye kihisio kidogo cha APS-C, lenzi ya 24 inaona zaidi ya nyuzi 50 kutoka chini hadi juu, kwa hiyo mlima na Msalaba vinaingia pamoja na nafasi inabaki. Mwezi mchanga ukiwapo usiufukuze, kwani ndio utakaoangaza theluji.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kadiri fokasi inavyorefuka, ndivyo nyota zinavyogeuka vijistari kwa sababu dunia inazunguka. Wengi hutumia kanuni ya 500, yaani kupata sekunde za kupiga kwa kugawa 500 kwa urefu wa fokasi, ambao kwa APS-C huzidishwa kwanza kwa 1.5. Lenzi ya 24 inapewa sekunde 14 hivi. Kwenye kihisio cha megapikseli 24, Mkanda wa Orion, ulio kwenye ikweta ya anga, utaburuzika pikseli 6 kwa muda huo. Hiyo ni nyingi, na kanuni yenyewe ni legevu mno kwa kamera za leo. Lakini nyota haziendi kwa mwendo mmoja kwenye picha. Msalaba wa Kusini, ulio nyuzi 60 kusini mwa ikweta hiyo, huenda nusu ya mwendo huo, hivyo unaburuzika pikseli 3 tu. Anayelenga Orion apunguze hadi sekunde 7. Tundu kubwa limeshamlipa muda anaoupoteza.

Mchana hakuna haja ya kununua chochote. Kwa APS-C, lenzi ya kawaida kwenye 18 na f/8, fokasi ikiwekwa mita 2, inashika kila kitu kuanzia kama mita 1 hadi mlimani. Wanaokaza hadi f/22 wakidhani wanaongeza ukali wanaupunguza, kwa kuwa mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo.

Kasoro ya lenzi zenye tundu kubwa ni pembeni: zikifunguliwa kabisa, nyota za kwenye kona huota mabawa kama ndege. Kabla ya kulipa, piga nyota moja angavu ikiwa konani, ikuze kwenye skrini, kisha urudie kwa f/2.5. Mabawa yakifutika hapo, bado unapata mwanga mara 2 ya ule wa f/3.5. Fokasi ifanye kwa mkono ukiwa umekuza nyota hiyohiyo, uzungushe hadi iwe ndogo kabisa; alama ya mbali iliyochorwa kwenye pete ya lenzi mara nyingi hukosea kidogo, na usiku kidogo hicho kinatosha kuharibu picha.