Bwana Msa na Mizimu: Habari za Muhammed Said Abdulla na Vitabu Vyake

Mwalimu mmoja wa upande wa Zinga ametuuliza kama yafaa kutia hadithi za Bwana Msa katika sanduku la vitabu vya shule, maana ni hadithi za mauaji, na cha kwanza katika vitabu hivyo kina neno mzimu juu ya jalada lake. Swali hili si la upuuzi. Zinga si mbali na magofu ya Kaole, na hata leo wako watu waendao penye makaburi yale ya kale kuomba na kuweka nadhiri. Mtoto apitaye huko magharibi huongeza mwendo. Basi tumevisoma vitabu hivi tena.

Mtungaji wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo alitumika miaka kumi katika idara ya afya, kazi yake kukagua. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na tangu 1958 hata 1968 akahariri Mkulima. Alifariki mwaka 1991. Twadhani ile kazi ya ukaguzi ilimfaa kuliko masomo mengi, kwa kuwa mkaguzi hubisha hodi kila nyumba, huona ua na kisima na mtungi, na huambiwa uongo kila siku.

Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda katika mashindano ya kutunga hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kikapigwa chapa 1960. Zamani wapenzi wa visa vya hatari walisoma tafsiri, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Kiko cha Bwana Msa na rafiki yake Najum wametoka kwa Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle. Hilo halifichiki, wala halimpunguzii mtungaji heshima. Maana Holmes hutazama majivu na matope, lakini Bwana Msa hutazama zaidi nasaba: nani alimwoa nani, nani alimwacha, mtoto yule ni wa nani, shamba litarithiwa na nani. Katika miji yetu ya pwani siri hulala humo.

Neno mzimu lataka kuangaliwa. Kwa Kiswahili ni roho ya mtu aliyekufa, na tena ni mahali penye kutolewa sadaka, pango au mti au kaburi. Ajabu ni kwamba mtu akiisha kufa na kuwa mzimu hatumwiti tena kwa ngeli ya watu. Twasema mzimu huu, mizimu hii, kama tusemavyo mti huu na miti hii. Tena twasema kuzimu, twasema wazimu. Maana zote mbili za mzimu zafanya kazi katika jina la kitabu: maiti ya Bwana Ali, tajiri wa mashamba, yaonekana mahali pa mzimu, na watu wadhani ameuawa na mzimu wenyewe. Mahali pamegeuka kuwa muuaji. Bwana Msa hatoi hotuba juu ya ujinga wa watu, wala hawacheki wazee. Aondoa maana moja na kuiacha nyingine, yaani mahali panabaki, lakini muuaji lazima awe na mikono. Sisi tuliohubiri miaka mingi juu ya jambo hilo hilo twaweza kuona haya kidogo.

Makosa yako. Mambo hukutana kwa bahati kupita kiasi, na mwishoni Bwana Msa hueleza yote kwa maneno mengi mno. Mhariri huyu alikata makala za wengine kuliko zake. Kisima cha Giningi (1968) chapendeza kwa jina kuliko kwa kisa. Duniani Kuna Watu (1973) twaona ndicho kizuri kwa lugha, Kiunguja chenye mafumbo na mizaha ya barazani. Katika Kosa la Bwana Msa (1984) hata mwerevu mwenyewe apewa kosa, jambo ambalo Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza mwaka 1974 kwa kishindo cha bastola katika Kufa na Kupona, asingelikubali kwa urahisi.

Twarudi Zinga. Si damu tunayoiogopa, kwani Biblia yenyewe ina Kaini na Uria. Neno gumu ni hili: mtoto aliyefundishwa na Bwana Msa kutaka dalili kwa kila neno atageuka siku moja amwulize mwalimu wake wa dini dalili zake. Wako mapadre watakaoona hiyo ni sababu ya kuufunga mlango wa sanduku. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto akatazwaye kuuliza habari za mzimu atanyamaza mbele yetu, kisha atakwenda Kaole na sarafu yake.

Kwa hiyo tumemjibu mwalimu avinunue, asome Mzimu wa Watu wa Kale darasani kwa sauti, asimame kabla ya sura za mwisho, na kila mwanafunzi aandike ni nani aliyemwua Bwana Ali na kwa dalili gani. Tumemwomba atuletee madaftari hayo, hata yale yatakayosema ni mzimu.