Alama 45 kati ya 70, na mbwa bado anaumia

Kama umewahi kuishi na mbwa aliyezeeka, huenda umeshakutana na jedwali la maswali saba. Lilitungwa na Alice Villalobos, daktari wa wanyama wa Marekani aliyebobea kwenye saratani. Alilitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 kwenye jarida la madaktari wenzake, kisha likaingia kwenye kitabu cha mwaka 2007. Wengi hulijua kwa herufi zake, HHHHHMM, kwa sababu kila swali lina jina la Kiingereza linaloanza na H au M. Linauliza hivi: maumivu yamedhibitiwa? Anakula? Anapata maji ya kutosha? Ana furaha? Ni msafi? Anatembea? Siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya? Kila swali unalipa alama kuanzia 0 hadi 10, unajumlisha, na jumla ikizidi 35 kati ya 70 unaambiwa maisha ya mbwa wako bado yana ubora wa kutosha kuendelea.

Nianze na sifa, maana jedwali hili linazistahili. Kabla yake, mtu aliyeuliza "nitajuaje kama wakati umefika?" alijibiwa "utajua tu". Hajui. Anamwona mbwa kila siku, na mabadiliko ya kila siku ni madogo mno kuonekana. Villalobos alimpa mtu huyo maneno, tena maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuyajibu. Si kazi ndogo hiyo.

Tatizo langu liko kwenye ile alama ya kujumlisha.

Hebu chukua kalamu. Tumpe alama mbwa wa kufikirika, tumwite Simba. Ana miaka 11, chotara wa German Shepherd, mbwa wa ulinzi, nyonga zote mbili zimeharibika. Anakula mpaka sufuria inang'aa: 9. Maji anakunywa vizuri: 9. Gari la baba mwenye nyumba likiingia getini anatikisa mkia, kwa hiyo furaha tumpe 7. Usafi 8. Siku nzuri, kwa macho ya mwenye mbwa, 7. Ila asubuhi kusimama ni shughuli. Anajikokota kwa miguu ya mbele, anatulia, anajaribu tena, na ukimgusa kiunoni anageuka kutaka kuuma. Maumivu tumpe 2, kutembea 3.

Jumla ni 45. Simba amefaulu, tena kwa ziada ya alama kumi, na mwenye mbwa anaweka karatasi kabatini akiwa ameridhika.

Kujumlisha kunadai kwamba upungufu wa huku unaweza kufidiwa na wingi wa kule, kama unavyoweza kufeli Jiografia ukabebwa na Kiswahili. Lakini hamu ya kula hailipi deni la maumivu. Villalobos mwenyewe analijua hilo kwa sehemu, kwa sababu kwenye maelezo ya swali la kwanza ameandika kwamba shida ya kupumua inazidi mambo mengine yote. Yaani anakubali kwamba uzito haulingani. Ukishafika kwenye jumla, sasa, kila alama ni sawa na mwenzake, na onyo lile limebaki juu kwenye maelezo ambayo wengi hawarudi kuyasoma.

Kwa nini basi jedwali limedumu miaka yote hii? Nadhani ni kwa sababu lilizaliwa kwenye saratani, na kule linafanya kazi vizuri. Mbwa mwenye saratani iliyosambaa, au figo zilizochoka, huanguka kwa pamoja: anaacha kula, maji yanapungua mwilini, nguvu zinaisha, furaha inazimika. Alama saba zinashuka kama ngazi moja, kwa hiyo jumla yake inasema ukweli. Ugonjwa wa viungo hauendi hivyo. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, inalika taratibu, utando wa ndani wa kiungo unavimba, mfupa unaota vijipembe, na hayo yote yanatokea kwenye nyonga au goti huku tumbo, figo na pua vikiwa vizima kabisa. (Tunauita baridi yabisi, na jina hilo limetufundisha vibaya. Baridi ya Julai inaweza kumfanya mbwa akakamae zaidi, lakini haikumharibia kiungo.) Alama mbili zinaporomoka, tano zinabaki juu kwa miaka. Ni ugonjwa ambao jumla inauficha vizuri kuliko karibu mwingine wowote. Na wakati jumla inauficha, mishipa ya fahamu na uti wa mgongo vinavyopokea maumivu kila siku vinazidi kuwa vyepesi kuamka, mpaka mguso wa kawaida nao unauma.

Kosa linaweza kwenda upande wa pili pia, na huo ndio unaonitisha zaidi. Mbwa ambaye hajawahi kupewa tiba yoyote ya viungo anapimwa kwa jedwali, anapata 31, na watu wa nyumbani wanaafikiana kwamba basi, aitwe daktari amchome sindano ya mwisho. Hiyo 31 ilipima nini? Ilipima kutotibiwa. Jedwali halikuuliza popote kama mbwa amejaribiwa dawa kwa wiki chache, kama amepunguzwa uzito, kama analala kwenye sakafu ya saruji. Alama iliyotolewa kabla ya tiba inakuambia mahali pa kuanzia, haikuambii mwisho umefika.

Tuje kwa anayeshika kalamu. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans walichapisha uchunguzi ambao ningependa kila mwenye mbwa aujue. Walichukua mbwa 58 wenye kuchechemea kwa ugonjwa wa viungo, ambao katika jaribio la dawa walikuwa kundi la plasibo, yaani walipewa kitu kisicho na dawa ndani. Mbwa hao walitembezwa juu ya kibao cha sakafuni kinachopima nguvu ambayo kila mguu unakanyagia. Kibao hakina huruma wala matumaini. Karibu mara nne katika kumi, wenye mbwa walisema mnyama wao amepata nafuu wakati kibao kinasema hakuna kilichobadilika au hali imezidi kuwa mbaya. Usikimbilie kuwacheka, kwa sababu madaktari waliowapima mbwa hao walidanganyika kwa kiwango kinachokaribiana na hicho.

Sasa unaelewa biashara ya vidonge vya glukosamini na kondroitini inavyojiendesha. Mwenye mbwa ametoa hela, anampenda mbwa, anataka kuona nafuu, anaiona. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada walikusanya majaribio yaliyokuwepo kuhusu vyakula maalumu na virutubisho kwa mbwa na paka wenye ugonjwa huu. Vyakula vyenye omega-3 nyingi vilionyesha faida. Glukosamini na kondroitini hazikuonyesha, na watafiti wakaandika waziwazi kwamba zisiendelee kupendekezwa kwa kutuliza maumivu haya. Tramadoli nayo, iliyokuwa ikiandikwa sana na madaktari wa wanyama, ilipimwa kwa kibao mwaka 2018 na haikuipita plasibo. Ini la mbwa halitengenezi kwa wingi ile kemikali ambayo kwa binadamu ndiyo inayotuliza maumivu.

Kwa hiyo tunalo jedwali linalojumlisha visivyojumlishika, mikononi mwa mtu ambaye macho yake yanaelekea kwenye tumaini. Vipo vipimo bora. Kule Pennsylvania, Dorothy Brown na wenzake walitunga dodoso la maumivu ya mbwa ambalo linatenganisha mambo mawili: maumivu ni makali kiasi gani kwa siku saba zilizopita, na yanazuia nini, iwe kuinuka kutoka kulala, kutembea, kukimbia, kupanda ngazi. Liverpool wana la kwao la maswali kumi na tatu. Ubora wa madodoso haya ni kwamba yanauliza vitendo, na kitendo ni kigumu kukipamba kuliko "furaha". Hayajaepuka jicho la mwenye mbwa, na hilo si jambo dogo: sindano ya kila mwezi ya bedinvetmabi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023, ilipimwa kwa dodoso hilo la Pennsylvania. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaandikia madaktari wa wanyama kuwatahadharisha kuhusu madhara yaliyoripotiwa kwa mbwa waliochomwa, yakiwemo kuyumba na degedege. Sisemi dawa haifai. Nasema dodoso la nyumbani limebeba mzigo mkubwa kuliko tunavyodhani.

Halafu kuna suala la nyumba zetu. Maswali haya yanamfikiria mbwa anayelala sebuleni na kutembezwa kwa kamba jioni. Mbwa wengi wa mijini kwetu, Dar, Arusha, Nairobi, wanafungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Mwenye mbwa anamwona dakika tano getini, tena akiwa na msisimko wa kumpokea bosi, wakati ambao hata mbwa mwenye nyonga mbovu hujikaza. Anayejua kwamba Simba siku hizi hazunguki tena nyuma ya nyumba ni mlinzi. Anayejua kwamba anachukua muda kutoka bandani ni dada anayempelekea chakula. Kama unataka alama za kweli, mpe kalamu mmoja wa hao, na umwambie wazi kwamba mbwa akipata alama mbaya hakuna atakayelaumiwa.

Na wakiulizwa, waulizwe vinavyoonekana: anachelewa kusimama baada ya kulala? Ameacha kurukia pikapu? Misuli ya mapaja imekonda upande mmoja? Analamba kiungo kilekile? Kucha zimerefuka kwa kutotembea? Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu halii kama aliyekanyagwa. Anapunguza tu maisha yake kidogo kidogo, na sisi tunasema "kazeeka".

Mimi ningelifanyia jedwali la Villalobos marekebisho mawili. Swali la maumivu lingetoka kwenye hesabu likawekwa mlangoni: likipata chini ya 5, huruhusiwi kujumlisha chochote, unaenda kwa daktari wa mifugo kwanza. Na jumla isingekuwa na maana yoyote mpaka mbwa awe ametibiwa kwa dhati kwa wiki kadhaa.

Kutibiwa kwa dhati si lazima kuwe ghali. Uzito kwanza. Utafiti wa Labrador 48, uliogharamiwa na Purina (fikiria, kampuni inayouza chakula cha mbwa), ulionyesha mwaka 2002 kwamba waliolishwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao walifikia umri wa katikati wa miaka 13, dhidi ya 11.2. Nusu yao walihitaji tiba ya kudumu ya viungo wakiwa na miaka 13.3, wakati wenzao walifika hapo wakiwa na 10.3. Kwa mbwa ambaye tayari ni mnene na anachechemea, kupungua kwa asilimia 6 hivi ya uzito kumeonekana kutosha kupunguza kuchechemea. Kwa mbwa wa kilo 35 hizo ni kilo mbili na kidogo. Mbwa wako akiwa mbavu nje, ruka aya hii. Huyo anahitaji kulishwa.

Kisha godoro kuukuu juu ya ile saruji, mkeka mahali penye vigae vinavyoteleza, matembezi mafupi ya kila siku badala ya mbio ndefu za Jumapili. Kisha dawa za kutuliza uvimbe zilizotengenezwa kwa mbwa, kama kaprofeni au meloksikamu, kwa kipimo cha daktari na baada ya kuangalia figo na ini. Hapa naomba tusitaniane: diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa mtaani usimpe. Tumbo la mbwa hupata vidonda na figo zake huumia kwa vipimo ambavyo kwako ni vya kawaida. Mbwa mzee anayetapika damu baada ya "kidonge kimoja tu cha mgongo" hakuuawa na uzee.

Baada ya hapo ndipo swali la saba, lile la siku nzuri na mbaya, linapoanza kufaa, na kwangu ndilo bora kuliko yote. Ila lisijibiwe kwa kumbukumbu. Chagueni mapema, mbwa akiwa bado na unafuu, vitu vitatu anavyovipenda: labda kuzunguka ukuta usiku, kumfuata mtoto mpaka getini, kulala juani kwenye baraza. Siku aliyofanya viwili au zaidi, mlinzi aweke alama ya vema kwenye kalenda. Siku nyingine aweke mkato. Msiulizane chochote kwa mwezi mzima, halafu hesabuni.