Fundi Anayeanza na Waya

Fundi umeme tunampima kwa jambo moja tu: taa imewaka au haijawaka. Tunamwonea. Kuwasha taa hata kijana wa jirani mwenye bisibisi na ujasiri anaweza. Kipimo halisi kimo ndani ya kile kiboksi cheupe kilichofungwa ukutani, kwenye herufi na namba zilizo usoni mwa breka: B10, C16, C20. Nani alizichagua, na kwa hesabu gani?

Mwigobero ni mahali pazuri pa kujifunzia hesabu hiyo. Kata hii ya Musoma mjini iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na penye sangara na sato hapakosi friza. Kibanda kilichofanyiwa wairingi kwa ajili ya taa mbili na redio leo kina friza tatu, na waya ni uleule. Chukua friza ya wati 250: gawanya kwa volti 230, unapata ampia moja na ushei. Mota haitumii umeme kwa usafi kama balbu, basi tuseme ampia moja na nusu. Zote tatu hazifiki ampia 5. Breka ya ampia 10 inatosha na kubaki. Mbona basi inaanguka?

Inaanguka umeme unaporudi. Ukikatika usiku na kurejea, friza zote huamka kwa pamoja, na kompresa inapoanza kuzunguka huvuta hata mara saba ya ampia zake za kawaida. Kwa kitambo kifupi mno zile ampia 5 zinapita 30. Breka ya aina B hukata papo hapo kati ya mara tatu na mara tano ya namba yake, kwa hiyo B10 ina haki ya kuanguka. Asubuhi mwenye kibanda anakuta samaki wamelegea, anamwita fundi: niwekee ya thelathini na mbili tumalize maneno.

Fundi ninayemsifu hapa, mtu mzima asiyependa kuharakishwa, hata friza hakuzitazama. Alizima mein swichi, akahakikisha kwa testa, akafungua kifuniko, akauvuta waya kwa vidole viwili na kuukagua unene. Ulikuwa wa milimita za mraba moja na nusu.

"Mama, breka hii si ya friza," alisema. "Ni ya waya uliomo ukutani. Nikikuwekea 32, siku ya hitilafu waya ndio utakaogeuka fyuzi, na umelala juu ya mbao za dari yako."

Akatoa B10, akaweka C10. Namba ileile, herufi nyingine. Aina C haikati papo hapo mpaka mkondo upite mara tano ya namba yake, na ukifika mara kumi haina ruhusa ya kusita. Uvumilivu huo una gharama: shoti ikitokea, lazima mkondo mkubwa zaidi upite ndipo breka ikate mara moja, na erthi mbovu hairuhusu mkondo huo kupita. Ndiyo maana kabla ya kufunga kifuniko alitoka nje na mita yake kwenda kuipima erthi. Kwangu mimi, hapo ndipo alipojitenga na wale wanaobadilisha breka kama balbu.

Kanuni yenyewe ni fupi: breka isipungue mzigo, isizidi uwezo wa waya. Kwa mazoea waya wa moja na nusu hupewa breka ya 6 au 10 kwa taa, mbili na nusu hupewa 20 kwa soketi, na jiko la umeme hudai waya wa milimita za mraba 6 na breka ya 32. Lakini mazoea si kipimo. Waya uliobanwa na wenzake katika paipu moja, chini ya bati la mchana, hubeba pungufu.

Ndani ya breka mna walinzi wawili. Mmoja ni kipande cha metali mbili zilizoungana, kinachopinda taratibu kikipata joto. Huyu anashughulikia mzigo uliozidi. Mwingine ni koili ya sumaku, ya shoti. Kifaa cha kuwaunganisha kilipewa hataza Ujerumani mwaka 1924, kwa kazi ya kampuni ya Hugo Stotz ya Mannheim. Yule wa joto ana subira kupita wateja wanavyodhani: breka ya 20 ikipitisha ampia 29 inaruhusiwa kukaa karibu saa nzima kabla ya kukata. Anayechagua breka iliyolingana kabisa na ukomo wa waya ameshaitumia akiba yote.

Fyuzi ya plagi, ile ya miguu mitatu bapa tuliyoirithi kutoka Uingereza, ina hesabu hiyohiyo kwa udogo. Feni au redio inatosheka na ampia 3. Madukani zimejaa za 13, basi kila plagi ina 13, hata yenye waya mwembamba kama utambi. Na kuna wanaoviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hao hata breka nzuri haiwaokoi.

Alimalizia kwa kukaza skrubu zote, moja baada ya nyingine, akiutikisa kila waya. Kiungo kilicholegea huchemka kwa mkondo wa kawaida kabisa, na breka haioni kitu. Kisha akaandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya kila swichi: taa, friza, soketi.

Mama akauliza kama anaweza kuongeza birika la umeme hapohapo. Wati 2,000, fundi akajibu, ni ampia karibu 9. Hilo linataka laini yake, waya wa mbili na nusu, breka yake. Wakaanza kuvutana kuhusu bei ya waya kwa mita.