Pampu Ilishapona, Kisha Ikapuliziwa WD-40

Video ya ukarabati wa pampu ya vakyumu ya mkono, ile ambayo imezunguka kwenye simu za mafundi magari, ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Ndipo fundi akachukua kopo la WD-40, akaingiza mrija wake mwekundu ndani ya silinda, akapuliza mara mbili na kurudisha pistoni. Hapo kazi ikaharibika, hata kama sindano ya geji ilisema vingine.

Mengine aliyafanya sawasawa: alifungua bila kulazimisha, akaosha vali zote mbili kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akatoa oringi ya pistoni iliyopasuka na kuweka mpya.

Lile kopo ndilo la kujadiliwa. WD-40 ilibuniwa San Diego mwaka 1953 na Rocket Chemical Company, na kazi iliyokusudiwa ilikuwa kufukuza maji ili chuma kisishike kutu. Kwa kazi hiyo ni dawa nzuri. Lakini asili yake ni petroli, na ndani ya pampu hii kinachozuia hewa si chuma, ni mpira. Kijitabu cha maelekezo cha Mityvac, watengenezaji wa pampu za aina hii, hakizunguki kwenye jambo hili. Kinataka mafuta ya silikoni. Yakikosekana, kinaruhusu mafuta ya breki ya silikoni, yaani DOT 5, au hata mafuta ya mboga ya kutilia saladi. Halafu kinakataza mafuta yenye asili ya petroli na vilainishi vya kupuliza, na WD-40 na oili ya injini vimetajwa kwa majina. Wapo watakaosema mtengenezaji anataka tu kuuza chupa zake. Anayetaka kuuza chupa zake hamwelekezi mteja jikoni.

Sababu ya katazo hilo iko kwenye aina za mpira. Mpira wa naitraili huvumilia petroli, lakini mafuta ya breki yenye glaikoli, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, huuharibu. Mpira wa EPDM ni kinyume chake: hukaa miaka ndani ya mafuta ya breki, ila ukiguswa na petroli huvimba. Mpira wa silikoni nao huvimba kwa petroli. Je, oringi aliyoiweka fundi ilikuwa ya aina gani? Hakusema, na hakuwa na namna ya kujua, maana aliichomoa kwenye sanduku la oringi mchanganyiko. Safu hii haitachoka kuyalalamikia masanduku hayo: vipimo vyote vimechapwa kwenye kifuniko, aina ya mpira haikuandikwa popote. Oringi mbili nyeusi za kipimo kimoja hazitofautishwi kwa macho.

Basi yachukuliwe yote mawili. Kama ile oringi ni ya EPDM, WD-40 itaivimbisha, pistoni itakaza na kishikio kitakuwa kigumu mkononi. Kama ni ya naitraili, yenyewe itanusurika na petroli, lakini ulimi mwembamba wa vali unaweza kuwa wa mpira mwingine kabisa. Ulimi huo ukivimba hukunjamana, na uliokunjamana haulali tena sawasawa kwenye kiti chake. Fundi alikuwa ametoka kuzisafisha vali hizo kwa uangalifu mkubwa, kisha mwenyewe akazilowesha.

“Lakini geji ilipanda mpaka 25!” Ilipanda, na safu hii haikatai. Silinda iliyolowa mafuta hujaza mikwaruzo yake kwa utando mbichi, na kwa muda mfupi hata sili mbovu huonekana nzima. Fundi aliziba mdomo wa pampu kwa kidole, akapiga kishikio, akaonyesha namba, akamaliza. Huko ni kupima nguvu ya kuvuta. Pampu iliyokarabatiwa hupimwa kwa kushikilia: inavutwa, inaachwa dakika kadhaa, sindano inatazamwa.

Hata hiyo 25 inahitaji maelezo ambayo hayatolewi kamwe. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni inchi 29.92 za zebaki, kwa hiyo fundi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuidai 25 kwa haki. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yenyewe haizidi sana inchi 24. Pampu ileile nzima itaishia kwenye 20 hivi, na ni rahisi kuitupa huko kwa kosa la mwinuko.

Wazee walikuwa makini zaidi. Robert Hooke alipomuundia Robert Boyle pampu ya hewa mwaka 1659, pistoni ilivikwa ngozi nene ya viatu, na kilichomiminwa kuzuia hewa kilikuwa mafuta ya saladi. Pampu za baiskeli na majiko ya Primus nazo zilitumia ngozi, na fundi aliyeilowesha ngozi hiyo kwa oili alikuwa sahihi, kwa sababu ngozi hunywa mafuta ikanona na kubana silinda. Alijua sili yake imetengenezwa kwa kitu gani. Waliomfuata wamerithi mkono wa kutia mafuta bila kuuliza sili ya sasa ni ya nini.

Madhara yanaweza kufika kwenye gari. Baadhi ya pampu za aina hii huvuta na pia husukuma. Petroli ikisukumwa mpaka kwenye mfumo wa breki, sili za masta silinda huvimba kama zile za pampu.

Pampu ile ifunguliwe tena leo. Ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, oringi na vali zinunuliwe za mtengenezaji, kisha yatiwe matone machache ya mafuta ya silikoni. Ya alizeti yatumike kwa dharura tu, maana yakikaa hugeuka gundi. Ivutwe mpaka inchi 15 na iachwe dakika 5, na sindano ikishuka isitumike kutoa upepo kwenye breki za mteja yeyote.