Geuza Santuri

Ukitafuta jazz Machakos usitegemee kusikia tarumbeta. Huku kwetu na Kongo, neno hilo bendi za magitaa zililivaa kama koti la harusi: OK Jazz ya Léopoldville mwaka 1956, Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz, Nairobi Matata Jazz. Ukambani wengi hata hawakujisumbua nalo. Walijiita Boys, Brothers, Sisters, na mbele wakaweka jina la kwao. Kwa hivyo mkusanyaji anayeandika "jazz Kenya" kwenye intaneti anapita karibu kabisa na Kyanganga Boys ya Peter Mwambi bila kujua amepita.

Mimi nimewatafuta hawa kwa miaka minne sasa, na nina lalamiko. Sio ati santuri zimeisha. Zipo. Ziko chini ya vitanda, kwa mafundi wa redio, kwa nyumba ambazo mwenye gramafoni alishakufa na watoto wanataka nafasi. Nairobi kuna Jimmy Rugami pale Kenyatta Market, na kama unapenda santuri tayari unamjua. Machakos mjini ni kuuliza tu, na kuuliza kunataka soda na subira. Lalamiko langu ni kuhusu kile tunachookoa tukishazipata.

Santuri ndogo ya 45 inabeba dakika chache kila upande. Benga haitoshei hapo, kwa hivyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Mara nyingi ya kwanza ndiyo yenye hadithi, nani kaolewa na nani, nani anadaiwa na nani. Kwa ya pili maneno yanapungua, gitaa la solo linapanda, besi inasukuma, na viti vinasogezwa ukutani. Sasa ingia YouTube uone. Nimekutana na nyimbo kibao zilizowekwa upande mmoja tu, na karibu kila mara ni ule wa kucheza. Aliyeweka hakusikia haja ya ule mwingine, kwa sababu haelewi Kikamba.

Na si kwamba magitaa hayastahili hizo sifa. Gitaa moja linakaa chini na kodi zake, lingine linazunguka huko juu kwa noti ndogondogo za haraka, likijaza kila pengo, kama nyuki wakiingia na kutoka kwa mzinga. Hakuna sauti nyingine Kenya iliyo hivyo. Lakini nimesoma wakosoaji wa ng'ambo wakisema Mwambi, na ile dramu yake kubwa isiyo na huruma, huenda akamchosha mtu asiyejua lugha. Ni kweli, na ndiyo inanikera. Mwambi anabadilisha mambo ndani ya maneno. Muziki wake umesimama palepale ili hadithi itembee. Si hiyo ni sawa na kusema riwaya inachosha ukiitazama bila kuisoma?

Kakai Kilonzo aliona hili mapema. Yeye na Les Kilimambogo Brothers waliimba Kikamba na Kiswahili, na Kiswahili kikawafikisha kwa watu ambao Kyanganga haingewafikia. Alifariki 1987, akiwa bado kijana, na leo ukitaja muziki wa Ukambani jina lake ndilo la kwanza. Nampenda Kakai. Ila kwangu Kakai wa Kiswahili ni mtu anayeongea na wageni sebuleni: mcheshi, ana adabu, anaeleza kila kitu. Kakai wa Kikamba yuko jikoni. (Ndiyo, najua ninayaandika haya kwa Kiswahili.)

Chukua "Katelina" ya Kalambya Sisters, wakisindikizwa na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki. Sauti zao ni nyororo mpaka unadhani ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Kumbe ni hadithi ya msichana anayependa uki, ile pombe yetu ya nyumbani, na kila akinywa anaishia kupata mimba. Msikilizaji wa mbali anapata utamu peke yake. Susu wangu anacheka kabla mstari haujaisha, halafu ananyamaza kidogo, kwa sababu kijijini kwao kulikuwa na Katelina, na hakuna aliyemuuliza wanaume wale walikuwa kina nani. Wimbo wenyewe pia haumuulizi. Hilo ningetaka tulijadili, na huwezi kulijadili kama maneno yameachwa njiani.

Waliohangaika kabla yetu nawashukuru. Doug Paterson alikusanya The Nairobi Beat, iliyotoka Rounder mwaka 1989. Soundway wakatoa Kenya Special mwaka 2013, nyimbo 32. Lakini mikusanyo ya namna hii hupimwa kwa sikio la mcheza dansi wa London. Ketebul Music ya Tabu Osusa ndio walioelewa kwamba santuri bila mazungumzo ni plastiki: Retracing the Benga Rhythm ya 2008, kisha Retracing Kikuyu Popular Music ya 2010, zina kitabu na filamu, wazee wenyewe wakiongea. Ya Ukambani bado nangoja.

Mwaka jana nilinunua 45 ya Kyanganga Boys kwa fundi mmoja nyuma ya soko la Machakos, shilingi 300. Upande wa pili, ule wa kucheza, unang'aa kama jana. Upande wa kwanza umechakaa mpaka ukageuka kijivu. Mwenyewe, sijui alikuwa nani, alikuwa akirudia maneno.

Niliipeleka kwa susu. Sindano inaruka mara tatu upande huo, na kila inaporuka yeye anaimba kile kipande kilichopotea, kisha anaachia santuri iendelee.